Aliyeidai Serikali Mwanawe: Maisha ya Bibi Arminta Loveday

Mchungaji wetu, wazee wa kanisa, ndugu, jamaa na majirani, ninyi mlioteremka kutoka milimani na ninyi mliotoka mjini, kwa niaba ya familia za Loveday na Cagle, mimi Eula, mke wa Carl, nimepewa heshima ya kuwasomea safari ya mama yetu, na kabla sijaanza nalijua swali mlilo nalo, maana tangu jana mnanong'onezana kule jikoni kwenye masufuria ya maharage, kwamba Bibi Arminta alituapisha sote tumzike popote pale ila si hapa kilimani, iweje leo kaburi limechimbwa hapa hapa, tena kando ya lile jiwe dogo ambalo alikuwa akilipita kama hakuliona. Jibu lipo na mtalipata, lakini mwenyewe alipenda jambo liende kwa mpangilio wake, na alimtilia shaka kila mtu aliyeanza hadithi kwa mwisho.

Marehemu Bibi Arminta Cagle Loveday alizaliwa tarehe 9 Machi 1896 katika bonde la Tansy Creek, mashariki mwa Tennessee, mahali ambapo leo samaki wanapita juu ya meko ya mama yake, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Lemuel Cagle na mkewe Sarepta. Alipokuwa na umri wa miaka saba, baba yake alitembelewa na mabwana wawili wa kampuni moja ya mbali, wakala maharage na mkate wa mahindi mezani pake, wakawasifia watoto, wakamwekea karatasi mbele, naye kwa kuwa hakujua kusoma akatia alama ya msalaba, akidhani ameuza magogo ya upande mmoja wa mlima, kumbe ameuza mlima wenyewe, na kila kilichomo chini yake, na chemchemi juu. Mtoto Arminta alikuwa amekaa chini ya meza siku hiyo akivitazama viatu vya wale wageni, na mpaka uzeeni alizoea kusema kwamba tangu hapo hajaona kiatu kilichong'arishwa vizuri akalala usingizi.

Kuhusu elimu, marehemu alianza shule ya Tansy Creek mwezi Septemba mwaka 1903, akaendelea hadi darasa la saba mwaka 1910, na waliosoma naye wanasema alisoma kwa hasira, kama mtu anayetafuta aliyemwibia, akawa msomaji wa Biblia, wa magazeti, na hata wa maandishi madogo yaliyo nyuma ya mfuko wa mbegu. Lakini karatasi yoyote ya serikali iliyoletwa mlangoni aliisoma yote mara mbili, kisha akatia alama ya msalaba kama baba yake, na siku moja afisa alipomwuliza, "Mama, mbona nimeambiwa unajua kuandika?" alimjibu, "Kuandika najua. Ninayeshindwa kumjua ni wewe."

Alifunga ndoa tarehe 14 Juni 1915, katika kanisa la Wabaptisti la Pruitt's Bend, na Bwana Hobart Loveday, mtu mpole, fundi wa kiwanda cha mbao, aliyemwamini kila aliyemsalimia, na sisi tuliwaona wawili hao tukajua kwamba Mungu ana mizani. Walijaliwa watoto wawili, Carl, aliyezaliwa tarehe 2 Februari 1919, ambaye ni mume wangu na ndiye huyo aliyekaa mbele akitazama kofia yake, na Ivalee, aliyezaliwa tarehe 30 Aprili 1927, binti ambaye tangu alipojua kutembea hakutulia nyumbani, akawa anafuata kondoo mpaka kwenye misitu ya juu, ikabidi mama yake achukue kengele mbili za kondoo, moja ya kondoo mama na moja ya mwanakondoo, ile kubwa akaitundika mlango wa jikoni na ile ndogo akamfunga mtoto kiunoni. Jioni mama alitikisa kengele yake, na huko alikokuwa mtoto alitikisa yake, na kwa kuitikiana hivyo walijua kila mmoja yuko wapi. Wazee wa bonde lile wanaikumbuka sauti hiyo kuliko kengele ya kanisa.

Kisha ukaja ule mdororo wa uchumi ambao watu wa umri wangu tunauita tu Miaka Ile. Benki ya mjini ilifunga milango mwezi Novemba mwaka 1930, kiwanda cha mbao kikafuata mwaka uliofuata, Bwana Hobart akarudi nyumbani na msumeno wake begani, na majira ya baridi ya pili dondakoo likaingia bondeni likipita nyumba kwa nyumba, na tarehe 17 Januari 1933 likamchukua Ivalee, akiwa hajatimiza miaka sita. Mama alimwosha na kumvalisha mwenyewe, akawatoa watu wote chumbani, akafunga jeneza kwa mkono wake, na aliyoyafanya mle ndani peke yake nitayasema yakifika mahali pake. Mtoto alizikwa katika makaburi ya akina Loveday, chini kabisa karibu na kijito, na kaburi likapambwa kwa maganda meupe ya kome wa mtoni kama ilivyo ada yetu.

Miezi michache baadaye serikali mpya ikaanza kuleta mipango yake, na hapa, ndugu waombolezaji, ndipo sifa ya marehemu ilipoenea wilaya nzima. Unga wa msaada ulipofika, alimpikia mbwa kwanza, akamtazama mpaka Jumapili, mbwa akanenepa, ndipo akawapikia watu, tena akanung'unika kwamba huenda ni sumu ya wanadamu tu. Aliposikia kwamba serikali inanunua nguruwe na kuwachinja ili bei ipande, ilhali kuna watoto wanaolala na njaa, alisimama kanisani wakati wa matangazo akasema, "Anayekuchinjia nguruwe wako leo akakupa unga, kesho atakuchinja wewe akampa unga jirani yako," na mchungaji wa wakati huo akatangaza wimbo. Akaja bwana shamba kufundisha matuta ya kuzuia mmomonyoko, mama akayakataa mbele yake, kisha akayachimba alipoondoka, na mahindi yalipostawi akasema ni mvua. Kwake bure ilikuwa ghali, na mkono unaotoa aliutazama kwanza kucha.

Lakini haki yake naye apewe, maana si kila alichoshuku kilikuwa njozi. Mwaka 1934 walipokuja wapimaji na vigingi vyao, wakasema mto utazibwa, kutakuwa na umeme, ajira, na mwisho wa mafuriko, wenye ardhi walilipwa, ila wapangaji waliolima mashamba ya wengine waliondoka na vyombo vyao mkokoteni bila chochote, na mama ndiye aliyewapikia siku ya kuondoka, akiuliza kwa sauti iwafikie wapimaji, "Mpango gani wa kuokoa maskini unaoanza kwa kuwafukuza?" Mwezi Oktoba mwaka huo Bwana Hobart alitia saini ya kuuza shamba, bila kumwambia mkewe, kwa kuwa majirani wote walikuwa wamekwisha kutia, naye alipogundua akahamia kwa dada yake hadi Krismasi, na aliporudi alimwambia mumewe maneno ambayo Carl, akiwa kijana wa miaka kumi na mitano, aliyasikia na hajayasahau, "Baba aliuza mlima. Wewe umeuza mpaka mwanangu."

Alisema hivyo kwa sababu makaburi nayo yalikuwa yahamishwe. Shirika la bwawa liliahidi kwamba kila maiti atafukuliwa kwa heshima, atawekwa katika sanduku jipya, na kuzikwa upya hapa kilimani, gharama zote juu ya serikali. Wengi walishukuru. Mama aliuliza maswali, nani anafukua, nani anasimamia, na katika ardhi ile yenye maji, ambako mbao huoza haraka, mtu aliyechoka saa kumi jioni atachimba mpaka afike, au atajaza koleo mbili za udongo na kugongomea mfuniko? Ndugu zangu, halikuwa swali la kipumbavu, na hakuna aliyemjibu vizuri.

Miongoni mwa walioajiriwa kwenye kazi hiyo alikuwamo jirani yetu Dewey Stooksbury, wakati huo kijana mwenye watoto wadogo na hana kazi, ambaye leo ni Mzee Dewey, mnamwona pale karibu na dirisha. Mama aliichukulia kazi hiyo kama usaliti. "Kikulacho ki nguoni mwako," alisema, "na nguo yenyewe ameshonewa na serikali."

Siku yenyewe ilikuwa Jumanne, tarehe 21 Mei 1935. Kwa desturi yetu ya milimani, mama mzazi hatazami kaburi la mwanawe likifunguliwa, asije akaipoteza ile sura aliyoaga nayo, na desturi nyingine inayokwenda na hiyo, mnaijua nyote, ni kwamba kilichoonekana kaburini hubaki kaburini, mchimbaji hasimulii, hata kwa mkewe. Kwa hiyo Mama hakwenda makaburini. Alikwenda kusimama pale barabara inapokata kona na kuanza kupanda, mahali penye mawe ambapo kila gari hurukaruka, akalisubiri lori la masanduku, na lilipokuja akalisogelea karibu kabisa, kiasi kwamba dereva alimpigia honi, akatega sikio mpaka lori lilipopita lote. Halafu akarudi nyumbani, akavua kofia, akasema, "Masanduku ni matupu. Ivalee yuko kule kule chini, na maji yanakuja." Bwana Hobart alimwuliza amejuaje, hakujibu. Carl alimwuliza, hakujibu. Maji yalifunika bonde majira ya baridi yaliyofuata, naye akawa mtu anayejua jambo moja ambalo hakuna wa kumtoa ndani yake.

Kwa upande wa kazi, marehemu aliajiriwa katika chumba cha ushonaji cha mpango wa ajira wa serikali, kuanzia tarehe 4 Novemba 1936 hadi chumba kilipofungwa mwaka 1942, akashona mashuka ya hospitali na nguo za watoto wachanga, na msistaajabu kwamba alikubali, alisema lazima mtu awepo ndani wa kuwaangalia. Aliangalia kweli. Hakuna bunda la kitambaa lililopotea siku zake, na msimamizi aliyetaka kupeleka blanketi nyumbani kwake alilirudisha mwenyewe, bila kuambiwa neno, baada ya Mama kumtazama tu. Umeme ulipofika mwaka 1939 aliukataa, akaukubali mwaka 1946 kwa jikoni peke yake, na kila alipotaka kubadili nguo aliivisha taa soksi, akitueleza kwamba kama sisi tunawaona wao kwa waya huo, wao watashindwaje kutuona sisi. Mwaka huo huo Carl alinioa mimi, niliyekuwa karani wa ushirika wa umeme, na Mama alinikaribisha kwa kuniuliza mbele ya wageni wa harusi, "Wamekutuma, au umekuja mwenyewe?" Ilinichukua miaka mingi kupandishwa cheo kutoka jasusi hadi mkwe.

Ila palikuwa na jambo ambalo halikuwa la kuchekesha. Kila mwaka, Jumapili ya kupamba makaburi, tunapopanda wote hapa na majembe, maua na vikapu vya chakula, Mama naye alipanda, na baada ya Bwana Hobart kufariki tarehe 8 Agosti 1952 alilipalilia kaburi la mumewe mpaka likawa safi kama sakafu, akafika mpakani mwa lile jiwe dogo lenye jina la Ivalee, akasimamisha jembe. Hakung'oa hata unyasi mmoja upande wa pili. Kisha alishuka peke yake mpaka ziwani na kutupa maua yake majini, akirudi macho yamevimba, na hakuna aliyethubutu kumfuata. Aliyelipalilia kaburi la mtoto alikuwa Mzee Dewey, mwaka hadi mwaka, bila kuombwa, na Mama alipomwona akipiga magoti pale alitabasamu kwa uchungu akasema, "Mwacheni. Dhamiri inamchoma." Hakumsemesha tangu lori lile lilipopita. Walikaa kanisa moja, benchi la mbele na benchi la nyuma yake, hata mkono wa amani hakumpa.

Marehemu alianza kuugua mwaka 1969, miguu ikivimba na pumzi ikikata, na madaktari wakasema moyo umechoka. Alilazwa katika hospitali ya wilaya mara tatu, mara ya mwisho tarehe 2 Oktoba mwaka huu, akimtaka muuguzi ameze kidonge kimoja kwanza. Tarehe 11 alimfukuza kila mtu, akanibakiza mimi, akanishika kifundo cha mkono kwa nguvu nisiyojua ilitoka wapi, akaniambia alichokuwa hajamwambia mume wala mwana, kwamba siku ile ya Januari, alipowatoa watu chumbani, aliichukua ile kengele ndogo akaiweka ndani ya jeneza pamoja na mtoto, ili asipotee huko aendako, na majirani walipouliza ilipo akawadanganya kwamba ameirudisha kwa kondoo. "Nilisimama kwenye ile kona yenye mawe," alisema, "lori likaruka kama mbuzi, na sikusikia kitu. Kama wangekuwa naye, Eula, ningemsikia. Na nikasubiri. Nikasema, kama kweli walimchukua, hata mtu mmoja atakuja kunitajia kengele. Serikali nzima, hakuna aliyewahi kunitajia kengele. Kwa hiyo msinilaze kando ya sanduku la udongo."

Nilitoka hospitali nikaendesha gari moja kwa moja mpaka kwa Mzee Dewey. Sikumtajia kengele, maana nimeishi na mwanamke yule miaka ishirini na mitano na nimejifunza. Nilimwuliza tu aliona nini. Akasema, "Binti, unajua hatusemi." Nikamwambia kuna mtu anakufa kwa kutokusemwa huko. Akatazama mikono yake, akasema, "Alikuwa na kengele. Nilipomnyanyua ililia, na wanaume sita tulivua kofia. Kisha nikamwona Mintie, mama mkwe wako, kwa mbali, amesimama kwenye kona. Nikajiwazia, mama yule akiisikia kengele hii ikipita mbele yake, ataanguka pale pale barabarani. Nikatoa leso yangu nikaufunga ulimi wa kengele vizuri, isilie njia nzima. Nilimhurumia, Eula. Sikuweza kufanya kingine."

Nilirudi usiku huo huo nikamweleza Mama, neno kwa neno. Mnamjua. Alifumba macho, nikadhani ameamini, kumbe anatega mtego, akaniuliza, "Kwa hiyo anasema aliikuta kiunoni?" Nikamjibu kwamba hapana, Mzee Dewey aliniambia pia, nami nilikuwa nimesahau kulitaja hilo, kwamba ilikuwa kwenye kiganja cha mkono wa kulia, na vidole vimefungwa juu yake. Mama alifumbua macho. Machozi yalimtoka bila sauti, yakaingia masikioni, nikawa nayafuta. Halafu akasema, "Basi alikuwa pale. Alikuwa pale miaka yote hiyo, na mimi nikimpita. Sikumpelekea hata ua moja." Kulipopambazuka alinituma nimwite Carl, akatuamuru wote wawili tumchimbie hapa, upande wa kulia wa mtoto, karibu kadiri ardhi itakavyoruhusu, na akamwomba Mzee Dewey aje, naye alikuja, wakashikana mikono, na waliyosemezana ni yao. Alifariki siku iliyofuata, Jumatano tarehe 13 Oktoba 1971, saa tatu asubuhi.

Familia inapenda kumshukuru Daktari Haskell Byrd na wauguzi wote, hasa yule aliyekubali kumeza kidonge, inawashukuru akina mama waliokuwa wenzake wa chumba cha ushonaji, ambao wameshona sanda hii na mishono yake aliikagua yeye mwenyewe kabla hajafariki, majirani mliokesha nasi, wachimbaji wa kaburi, ambao kwa mara ya kwanza tunawaomba wasimulie walichokiona wakiulizwa na mama wa mtu, na inamshukuru kwa namna ya pekee Mzee Dewey Stooksbury, aliyemhurumia mama yetu na akanuniwa kwa ajili hiyo, na bado akapalilia. Sisi hatujui serikali ile ilitutendea mema mangapi na mabaya mangapi, taa zinawaka na bonde limezama, na mtu mwenye busara atayaweka yote mawili mezani. Tunajua tu kwamba mtoto huyu walimleta.

Jambo la mwisho kabla hatujatoka. Ile kengele kubwa ya mlango wa jikoni tumeiweka ndani, kwenye kiganja chake cha kulia, na njia ya kutoka hapa mpaka kaburini ina mawe. Mtakapolinyanyua jeneza mtaisikia, msishtuke, wala asijitokeze mtu na leso. Tumeuacha ulimi wake wazi.

Pumzika kwa amani, Mama, mtoto amekwisha kukusikia.